Chungu Kilichokataa Kuvunjika

Nilipokuwa mtoto nilibeba kichwani chungu kidogo ambacho ndani yake mlikuwa na maneno ya mtu mzima, na mpaka leo, nywele zangu zikiwa zimeanza kuingia mvi, sijajua yalikuwa maneno gani. Tangu siku ile nimesoma vitabu vingi, nikazoea kuamini kwamba jambo likifikiriwa kwa utulivu mwishowe hufunguka. Hili halijafunguka. Aliyeyasema maneno yale bado yu hai, namshukuru Mungu, na karibu kila Jumapili tunakunywa chai pamoja. Nikimwuliza, anacheka na kuniongeza sukari.

Ni mama yangu mdogo, Zaituni.

Tulikaa Bwiza, mtaa wa Bujumbura, kwenye nyumba ya Bibi, mama yake mama, yenye ua wa ndani na jiko la nje. Mama yangu alikuwa akifanya biashara ndogo ya kuvuka mpaka pale Gatumba, akiondoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo mchana nililelewa na Bibi na mama mdogo. Mama mdogo alikuwa hajaolewa bado. Kazi yake ilikuwa kushona, lakini watu hawakumjua kwa cherehani. Walimjua kwa sauti. Palipokuwa na harusi, wanawake walipokusanyika kumpaka bibi harusi hina na matari yakaanza kupigwa, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na wengine wote wakaitikia. Nimekaa magotini pake mara nyingi akiimba, nikiwa nimeegemeza kichwa changu chini ya koo lake, na nilichokuwa nasikia hakikuwa wimbo hasa. Kilikuwa ni mtetemo, kama kulala juu ya ngoma iliyofunikwa nguo.

Nadhani mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuhisi uvimbe, kwa sababu kichwa changu kilikuwa na mahali pake hapo. Siku moja hapakuwa laini tena. Palikuwa na kitu kigumu, kama punje ya harage chini ya kitambaa. Sikusema neno. Mtoto huona mambo mengi ambayo hajui kwamba ni habari.

Punje ikakua. Mama mdogo akaanza kufunga fulari shingoni, hata mchana wakati joto la Bujumbura linamfanya kila mtu atamani kuvua ngozi. Akasema ana mafua, hawezi kuimba. Mafua yakapita msimu mzima. Kisha akaacha kula nasi kwenye sinia. Alikuwa anabaki jikoni na kutuambia ameshiba kwa kuonja. Wakati ule kulikuwa na kijana wa Gatumba, muuza mbao, ambaye wazee wake walikwisha kuja kubisha hodi kwa posa na kupokewa vizuri. Zaituni akawa anatuma majibu ya kuahirisha: leo Bibi anaumwa, kesho nyumba inapakwa chokaa. Bibi hakuwa anaumwa. Nyumba haikupakwa chokaa mpaka miaka mingi baadaye.

Kila mtu aliona, na hakuna aliyesema. Ndani ya nyumba ile ndogo fulari ya mama mdogo ilichukua nafasi kubwa kuliko kabati.

Bibi alizaliwa mjini, akasomea madrasa, akaswali maisha yake yote bila kukosa. Lakini mama yake aliteremka kutoka milima ya Mumirwa, na pamoja na mama huyo yaliteremka mambo ambayo madrasa haikuyafundisha wala kuyafuta. Huko mlimani wanawake wengi walikuwa na shingo zilizovimba. Kwa Kirundi wanauita ugonjwa huo umwingo. Na walisema kwamba umwingo ni maneno. Mtu alitaka kusema jambo, akaogopa, akalimeza. Jambo halikushuka tumboni wala halikurudi mdomoni, likakaa katikati na kuanza kujijengea nyumba.

Leo najua kwamba chumvi ya huko ilikuwa haina kitu ambacho shingo inakihitaji. Hata hivyo siwezi kuwacheka wale akina mama. Waliangalia watu kwa makini, wakaona kwamba aliyevimba shingo ni mtu aliyenyamaza. Walichokosea, nafikiri, ni mpangilio tu. Walidhani ukimya ndio uliozaa uvimbe, kumbe mara nyingi ni uvimbe unaozaa ukimya. Lakini vyote viwili waliviona, na kuna watu wenye mashine nzuri ambao huona kimoja.

Dawa yao ilikuwa na masharti. Mgonjwa huchukua chungu kidogo kipya, ambacho kwa Kirundi huitwa akabindi, kisha huweka mdomo wake kwenye mdomo wa chungu na kusema lile alilolimeza. Chungu kinafunikwa upesi kwa jani la mgomba na kufungwa. Kisha kinapelekwa kwenye maji yanayotembea, na njiani wenye shughuli ile hawazungumzi na mtu. Mgonjwa anakirusha kwenye jiwe. Kikivunjika, neno linaondoka na maji mpaka ziwani. Lakini sharti lililonihusu mimi lilikuwa la mbebaji. Lazima awe mtu mwenye pengo, asiye na meno ya mbele, kwa sababu hata akisikia neno kwa bahati mbaya, halitapata mahali pa kushika mdomoni mwake. Litapita kwenye pengo na kupotea. Na ili asisikie, anatakiwa aimbe kwa kufumba midomo tangu mgonjwa anapoanza kusema hadi jani linapofungwa.

Meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka siku chache kabla. Bibi alinishika kidevu, akanifungua mdomo kama anayekagua mbuzi, akaridhika.

Mjomba Ramadhani, kaka yao mama na Zaituni, hakuridhika. Alikuwa fundi wa magari Buyenzi, mtu wa vipuri na mafuta, na alichokuwa hakioni kwa macho au kukishika kwa spana hakikumshughulisha. Alikuja asubuhi ile, akakuta chungu kiko uani, akauliza ni cha nini, na alipoambiwa akakaa kwenye kigoda na kushika kichwa.

"Mama, Zaituni anaumwa. Tumupeleke hospitali. Chungu iko na diplome gani?"

"Ataenda hospitali," Bibi akamjibu akiendelea kupangusa chungu. "Mi sijakataza. Lakini umemusikia akisema anaumwa?"

Mjomba akatikisa kichwa.

"We mwenyewe fundi. Mutu akileta gari na hasemi iko na shida gani, unafanya nini?"

"Namufukuza."

"Basi ngoja kwanza aseme."

Nimerudia mazungumzo yale kichwani mara nyingi, na kila ninavyozeeka namwona Bibi kuwa mwenye akili zaidi. Hakuwa anashindana na hospitali. Alikuwa anatafuta mlango wa kumtoa binti yake nyumbani.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda juu ya milima ya Kiriri na kufika uani kwetu. Mama mdogo aliketi juu ya mkeka, akafungua fulari. Ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kile ambacho kichwa changu kilikijua: uvimbe wa mviringo, umekaa upande mmoja, ukipanda na kushuka kila alipomeza mate. Haukuwa wa kutisha. Naukumbuka kama kitu chenye haya. Mama mdogo akaangalia chungu muda mrefu, akaniangalia mimi, na Bibi akanigusa mgongoni. Nikafumba midomo na kuanza kuimba wimbo pekee nilioujua vizuri, ule wa kumtoa bibi harusi chumbani, ambao niliujifunza juu ya koo lake.

Akainama. Niliona mabega yake, niliona mkono ukishika ukingo wa chungu mpaka vidole vikapauka. Alisema kwa muda. Halikuwa neno moja. Yalikuwa maneno, na katikati yake kulikuwa na mapumziko, kama mtu anayepanda mlima. Mimi niliimba kwa nguvu zote, kwa kuwa nilikuwa mtoto mtiifu na nilikuwa nimepewa kazi kubwa. Nikiwa mtu mzima nimejuta mara nyingi kwamba sikuwa mtoto mkorofi kidogo.

Kisha jani, kamba, kitambaa kichwani kwangu, na chungu juu yake.

Kutoka kwetu kwenda mto Ntahangwa unapita Buyenzi, na Buyenzi huwezi kupita bila salamu. Kila karakana ina watu watano wanaokujua. Kutokujibu salamu kwetu ni tusi, na sisi tulikuwa tumekatazwa kusema. Bibi peke yake alikuwa nje ya sharti, kwa kuwa hakuwa mgonjwa wala mbebaji, kwa hiyo alizijibu zote, za kwake, za mama mdogo na zangu. "Wa alaikumu salaamu, mzima, naye mzima, na huyu pia mzima." Kijana mmoja aliyekuwa chini ya lori akatoa kichwa, akaniuliza kama nimemeza ulimi pamoja na meno. Nilitamani kumwonyesha pengo. Nikajizuia, nikanyoosha shingo, nikaendelea kutembea kama malkia mdogo.

Mtoni walikuwapo wanawake wanaofua. Mama mdogo akachagua jiwe, akapokea chungu kutoka kichwani kwangu, akakirusha. Hakikulipata jiwe. Kilipita pembeni, kikaangukia mchanga laini, kikabingirika taratibu kama mtu asiye na haraka, kikaingia majini na kuelea. Kilizunguka mara kadhaa mbele ya macho yetu, jani likiwa bado limefungwa vizuri, kisha mkondo ukakisukuma mpaka miguuni pa mwanamke aliyekuwa anakamua shuka. Mwanamke yule akakiokota, akakipangusa kwa upindo wa nguo, akakileta kwa heshima kwa mikono miwili.

"Mama, akabindi kako kanakukimbia."

Kisha mama mdogo akacheka. Kilianza kama kikohozi, halafu kikafunguka, akacheka mpaka akakaa mchangani na fulari ikadondoka majini. Bibi naye akacheka, akijaribu kujizuia kwa ajili ya heshima ya dawa. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu mwezi wa Ramadhani uliopita. Sijasahau jinsi uvimbe ulivyopanda na kushuka koo likicheka, na hakuna mtu aliyeuangalia kwa hofu.

Bibi alipopata pumzi, akachukua chungu na kukiweka kwapani.

"Imekataa kuvunjika. Basi iko inangojea mutu mwingine wa mu hii nyumba. Siku moja mutanikumbuka."

Akafungua jani, akasuuza chungu mtoni, akageuka njia ya nyumbani. Huko mlimani ndivyo walivyosema: chungu kisichovunjika hakitupwi, kinatunzwa kwa ajili ya shingo nyingine.

Jioni ile, kabla ya magharibi, mama mdogo alikuja kuketi kwenye sinia pamoja nasi. Hakuwa na fulari. Alikula wali na samaki, akanitolea miiba kama zamani, na alipomaliza alimwambia Mjomba Ramadhani kwamba yuko tayari kupelekwa hospitali wakati wowote atakaopata nafasi. Mjomba alipata nafasi kesho yake.

Walimpasua, wakautoa uvimbe pamoja na tezi yenyewe ya shingo, na haukuwa na ubaya. Tangu hapo anameza kidonge kila asubuhi kabla ya chai. Sauti yake ilipotea kwa miezi, ikawa kama kukwaruza mlango, na tulidhani ndiyo basi. Iliporudi ilikuwa imeshuka chini, nzito, sauti ya mtu mwingine. Aliogopa kuitumia. Ni mchumba wake wa Gatumba aliyemwambia kwamba mbao nzuri nazo zikigongwa hutoa sauti ya chini. Wakaoana, na harusini kwake, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, alianzisha wimbo mmoja mwenyewe.

Bibi aliamini mpaka anakufa kwamba kilichoponya ni chungu. Mjomba aliamini ni kisu. Mimi sikupata sababu ya kumnyima mmoja wao shukrani ili nimpe mwingine. Bila kisu uvimbe ungebaki, lakini bila chungu mgonjwa asingefika kwenye kisu.

Chungu chenyewe Bibi alimpa mama mdogo akitunze. Kikaenda naye Gatumba, kikakaa juu ya kabati miaka mingi, kikiwekewa vifungo vya nguo na sindano. Mto Rusizi ulipopanda na maji kuingia majumbani, mama mdogo, akiwa mjane tayari, aliokoa vitu vichache tu, na kimojawapo kilikuwa hicho. Alirudi nacho Bwiza kwenye nyumba ya Bibi. Nilipoona vifungo bado vimo ndani yake, vikavu kabisa, nilicheka na sikufikiri zaidi.

Kazi yangu ni kupima macho na kutengeneza miwani, katika duka dogo katikati ya mji. Ni kazi ya kukaa karibu sana na watu. Mteja anaketi mbele yangu, goti kwa goti, namwekea vioo kimoja baada ya kingine, na uso wangu ndio kitu cha kwanza anachokiona akianza kuona. Mwaka jana alikuja mzee mmoja, mshonaji mstaafu, mtu aliyetumia maisha yake kupima kola za wanaume. Nilipomwekea kioo cha mwisho aliniangalia, akatabasamu kwa furaha ya kurudishiwa dunia.

"Madame, sasa naona kila kitu," akasema. Kisha akainua kidole. "Hata hapa, shingoni. Upande mumoja hauko sawa na mwingine. Ulikuwa unajua?"

Sikuwa najua. Nilimshukuru, nikamfungia miwani yake, na alipotoka nilikwenda kwenye kioo cha wateja.

Hospitali walinifanyia ekografi, kipimo cha picha ya ndani ya shingo. Vilikuwa vinundu viwili kwenye tezi, kimoja kidogo, kingine cha kutosha kuchomwa sindano ili wachukue chembe za kupima. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye upole, aliyenieleza kila hatua kabla ya kuifanya. Nilingoja majibu nikifanya kazi kama kawaida, nikisema kwa kila aliyeniuliza kwamba sijambo. Majibu yakaja: si saratani. Tezi inafanya kazi yake vizuri. Akaniambia vinundu vya namna hii ni vya kawaida kuliko watu wanavyodhani, kwamba wengi wanaishi navyo bila kujua, na kwamba tutaviangalia kila mwaka. Kisha akaniuliza kama nalala.

Nikamwambia nalala vizuri.

Nilikuwa silali. Nilikuwa nimepewa habari njema na sikuweza kuipokea, na hilo lilinitia aibu, kwa sababu katika chumba cha kungojea nilikuwa nimewaona watu ambao habari zao hazikuwa njema. Nilikuwa najigusa shingo mara kwa mara, kila nikimeza chai nasikiliza inavyopita. Niliacha kusoma, nilikuwa nafungua kitabu na kusoma mstari mmoja jioni nzima. Nikaanza kufunga fulari dukani, na nikiwapima wateja niligeuza uso kidogo, jambo baya kwa mtu wa kazi yangu, kwa maana mteja akikuona unageuka anadhani kuna kitu kibaya machoni mwake. Mume wangu, Issa, nilimwambia kwamba kila kitu ni sawa, kwa sauti iliyomfanya asiulize tena. Na nikaamua kimoyomoyo kwamba nitarudi kwa daktari na kumwomba anipasue, anitolee yote, ingawa hakuniambia kwamba inahitajika. Nilitaka tu pawe laini tena.

Jumapili ile asubuhi nilikwenda Bwiza kunywa chai kama kawaida. Mjomba Ramadhani alikuwapo, mzee sasa, na fimbo yake imelazwa magotini. Mama mdogo akamimina chai. Akaniangalia, akaweka birika chini.

"Toa hiyo fulari, Dija. Mi niliifunga kabla yako."

Nikaitoa. Akanyoosha mkono, akapapasa polepole kwa ncha za vidole, kama anayetafuta mshono chini ya kitambaa. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Aliniuliza daktari amesema nini, nikamweleza yote. Nikawaambia pia juu ya kupasuliwa.

Mjomba alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama inaniuma. Nikasema hapana. Inanizuia kupumua? Hapana. Kumeza?

"Apana, Mjomba."

"Na daktari amesema mufungue?"

"Hakusema hivyo."

"Mota ikitembea vizuri, mi siigusi. Naisikiliza tu. Miaka yote nimekula mukate juu ya hiyo."

Nikataka kucheka na machozi yakatoka. Mama mdogo hakuninyamazisha. Aliniacha, na nilipotulia aliniuliza swali ambalo daktari aliniuliza na mimi nikamdanganya: nalala? Safari hii nikasema silali. Akauliza nani anajua. Nikasema hakuna. Akainuka, akaingia chumbani, nikasikia vifungo vikimwagwa mezani.

Alipotoka ameshika chungu, Mjomba alifumba macho.

"Ile chungu tena?"

"Ile ile."

"Zaituni, huyu ni mutu amesoma. Na mutoto mwenye pengo mutamutoa wapi? Watoto wake wamekuwa wakubwa, wako na meno kama farasi."

Mama mdogo akamgeukia. Akatabasamu polepole, kwa makusudi, mpaka tukaona yote: meno ya mbele yaliondoka zamani, juu na chini, na pengo lilikuwa pana kuliko langu la utotoni.

"Si mi niko hapa," akasema.

Nilimwuliza basi, nikiona ndiyo nafasi, yeye mwenyewe alikiambia nini chungu hiki. Nimekuwa na majibu mengi kwa miaka mingi. Huenda alisema kwamba hamtaki yule kijana wa Gatumba, ingawa alimpenda mpaka anamzika. Huenda alitaja jina la mwingine. Huenda alimwomba Mungu sauti yake, au alisema jambo dogo ambalo mtu mwingine asingeona haja ya kulificha. Alitikisa kichwa.

"Ile nilisema imeenda. Na ya kwako, mi sitakuuliza."

Kwa hiyo pale, juu ya mkeka wa Bibi, chai ikipoa, iliamuliwa. Kisu kingoje mpaka daktari mwenyewe akiite. Nitarudi kwake kila mwaka, na safari ijayo akiniuliza kama nalala nitamjibu ukweli. Issa ataambiwa leo hii, kabla ya jua kuzama. Fulari ibaki Bwiza. Na chungu kipelekwe mtoni, kwa miguu, maana Mjomba alipotaja gari mama mdogo alimwangalia tu.

Niliinama juu ya chungu. Kilinuka udongo, na mafuta ya cherehani kidogo. Mama mdogo akaanza kuimba kwa kufumba midomo, kwa sauti ile ya chini iliyotoka upande wa pili wa kisu, na wimbo ulikuwa ule wa kumtoa bibi harusi chumbani. Chini ya wimbo huo nilisema kwamba naogopa. Nilisema kwamba nimechoka kuambiwa hongera, kwamba nataka kuwaona wanangu wakizeeka, na kwamba nimekuwa nikisema sijambo kila siku huku si kweli. Halikuwa jambo kubwa. Nilishangaa tu kwamba lilinichukua muda wote ule, pamoja na mapumziko katikati, kama mtu anayepanda mlima.

Issa nilimwambia mimi mwenyewe jioni ile, naye akauliza miadi ya mwakani ni lini ili atoke kazini. Kwa daktari nimekwisha kurudi. Vinundu viko pale pale, na nimemwambia kuhusu usingizi, akaniambia wengi hawamwambii. Fulari iko msumarini kwa mama mdogo. Chungu nilikirusha mimi, na safari hii jiwe alilichagua yeye, kubwa na bapa, akanisogeza karibu nalo kwa kiwiko, kikavunjika vipande ambavyo Ntahangwa ilivichukua bila kuzunguka. Aliyekibeba kutoka Bwiza ni yeye, kichwani, mgongo umenyooka. Na kwa kuwa yeye na mimi tulikuwa tumekatazwa kusema, salamu zote za Buyenzi asubuhi ile, karakana kwa karakana, zilijibiwa na Mjomba Ramadhani, ambaye haamini chungu hata kidogo, akija nyuma yetu na fimbo yake: wa alaikumu salaamu, mzima, naye mzima, na huyu pia mzima.